Kijana Aliyepotea Loos na Ahadi Iliyoandikwa Dar es Salaam

Katikati ya Septemba 1915, Luteni-usu John Kipling wa kikosi cha Irish Guards alimwandikia baba yake barua kutoka Ufaransa. Umri wake ulikuwa miaka 18 na mwezi mmoja. Alitaka atumiwe kisahani cha utambulisho, kile kibati chepesi cha aluminiamu ambacho askari huning'iniza shingoni ili akianguka ajulikane ni nani. Chake kilikuwa kimempotea. Akaeleza vizuri kiandikweje: jina, cheo, dhehebu, kikosi. Hazikupita siku kumi. Alasiri ya 27 Septemba, karibu na mji wa Loos kaskazini mwa Ufaransa, kijana huyo aliingia vitani kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na jua lilipozama hakuna aliyeweza kusema yuko wapi.

Baba yake alikuwa Rudyard Kipling, na wakati huo hapakuwa na mwandishi wa Kiingereza aliyemzidi kwa umaarufu. Watoto wa dunia nzima walimjua kwa hadithi za Mowgli, mtoto aliyelelewa na mbwamwitu katika misitu ya India. Mwaka 1907 alikuwa mwandishi wa kwanza wa lugha ya Kiingereza kupewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Alizaliwa Bombay mwaka 1865, akalelewa utotoni na mayaya wa Kihindi, na alipopevuka akawa mshairi wa dola: aliamini kwa moyo wote kwamba Mwingereza amekabidhiwa kazi ya kuwatawala watu wa rangi nyingine, na aliisifu kazi hiyo kwa kalamu iliyokuwa na nguvu kuliko mizinga. Sisi tuliotawaliwa hatuna sababu ya kulificha hilo. Lakini habari ninayoisimulia hapa ni ya baba na mwana kwanza, na huzuni ya mzazi aliyefiwa naiheshimu hata pale ninapoyakataa mawazo yake.

John alizaliwa 17 Agosti 1897 katika kijiji cha Rottingdean, pwani ya kusini mwa Uingereza. Walikuwa watoto watatu. Josephine, kifungua mimba, alifariki mwaka 1899 kwa nimonia, familia ikiwa New York. Alikuwa na miaka sita, na Kipling mwenyewe alikuwa kitandani akipigania roho kwa maradhi hayohayo. Kuna waliomfahamu waliosema kwamba mtu aliyeinuka pale kitandani hakuwa tena yule aliyelala. Wakabaki Elsie na John. Mwaka 1902 familia ilihamia Bateman's, nyumba kubwa ya mawe huko Burwash, katika jimbo la Sussex, na huko ndiko John alikokulia. Hakuwa hodari wa masomo. Alipenda vyombo vya moto, alipenda utani, na baba yake, hata akiwa safarini nchi za mbali, alimwandikia barua ndefu zenye michoro na maneno ya kuchekesha. Barua hizo zimehifadhiwa, na ukizisoma humwoni mshairi wa dola. Unamwona baba anayetaka mwanawe acheke.

Macho ndiyo yaliyomsumbua John. Aliyarithi kwa baba, ambaye tangu utotoni hakuona chochote bila miwani nene. Ndoto ya nyumba ile ilikuwa John awe ofisa wa jeshi la majini, lakini jeshi la majini halimchukui kijana asiyeona mbali. Vita vilipozuka Agosti 1914 alikuwa anatimiza miaka 17. Akaenda kuomba kuingia jeshi la nchi kavu, akapimwa, akakataliwa. Akaenda tena, akakataliwa tena. Madaktari walisema wazi kwamba akipotewa na miwani hataweza kumtofautisha adui na rafiki.

Mambo yangeishia hapo. Kijana angekaa nyumbani kwa haki kabisa, bila aibu, na huenda angekufa mzee. Lakini baba yake alikuwa akipanda majukwaani kuwahimiza vijana wa Uingereza wajitokeze, na magazeti yalikuwa yamejaa maandishi yake juu ya ubaya wa Mjerumani. Alimwendea rafiki yake wa siku nyingi, Lord Roberts, mkuu wa zamani wa majeshi ya Uingereza na kanali wa heshima wa Irish Guards. Jemadari yule mzee akasema neno mahali panapohusika, na John Kipling, ambaye hakuwa Mwairishi, akapewa cheo katika kikosi cha Waairishi. Roberts mwenyewe alifariki Novemba mwaka huohuo alipokuwa akiwatembelea askari Ufaransa.

Watu wengi wamemlaumu Kipling kwa hatua ile, na lawama zipo za kubeba. Hata hivyo si haki kumfanya John kuwa mzigo uliobebwa na kupelekwa. Yeye mwenyewe alikuwa na hamu ya kwenda. Wenzake wa shule walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, na kijana wa miaka 17 haoni kaburi, anaona kubaki nyuma. Aliyeona kaburi ni mama yake, Carrie, Mmarekani mwenye akili kavu na mkono wa kusimamia nyumba. Alimwandikia mama yake mzazi kwamba hawana matumaini ya John kurudi mzima isipokuwa ajeruhiwe kiasi cha kutofaa tena vitani. Kwamba wao wanalijua hilo na John analijua. Na kwamba kila mtu inampasa atoe alichonacho na kuishi akiwa ameshikilia kivuli cha tumaini. 

John aliingia Ufaransa Agosti 1915, mwezi wa kutimiza miaka 18. Barua zake za wiki sita zilizofuata zimejaa mvua, matope, chakula, soksi, na kiu ya kujua lini watapelekwa mbele. Tarehe 25 Septemba aliandika kwamba huenda kukawa na kimya cha muda, maana wanakwenda kwenye mahandaki. Ilikuwa barua yake ya mwisho.

Siku hiyohiyo majeshi ya Uingereza yalikuwa yameanza shambulio kubwa kuliko yote waliyokuwa wamefanya katika vita ile. Loos ni nchi ya migodi ya makaa ya mawe: uwanda mtupu, vichuguu vyeusi vya mabaki ya mgodi, nyumba za wachimbaji zilizopangwa mistari. Hakuna pa kujificha. Mizinga haikutosha, kwa hiyo makamanda waliamua kutumia gesi ya sumu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Waingereza kuitumia. Upepo ulikuwa dhaifu, na mahali pengine gesi iliwarudia wenyewe waliokuwa wameifungulia. Walipiga hatua asubuhi ile, mji wa Loos ukatekwa, lakini akiba ilichelewa. Kesho yake vikosi vya watu ambao hawakuwahi kupigana hata siku moja vilipelekwa mchana kweupe mbele ya bunduki za rashasha zilizolindwa na seng'enge ambayo haikuwa imekatwa. Maelfu walianguka kwa saa chache. Shambulio lilipokwishavunjika ndipo Divisheni ya Guards ilipoletwa.

Alasiri ya tarehe 27, batalioni ya pili ya Irish Guards iliamriwa kuuteka msitu mdogo ulio kando ya machimbo ya chokaa. Waliuteka. Baadhi yao, John akiwamo, waliendelea mbele pamoja na Scots Guards kuelekea kwenye majengo ya mgodi mmoja upande wa pili wa barabara. Kutoka mle risasi zilimiminika. Walioweza walirudi nyuma hadi msituni. John hakurudi.

Telegramu ilifika Bateman's siku za mwanzo za Oktoba. Ilisema amejeruhiwa na hajulikani alipo. Maneno hayo yana ukatili wake, kwa sababu hayamwambii mzazi alie wala hayamwambii angoje. Kipling na Carrie walingoja. Waliandika kwa hospitali, kwa makamanda, kwa mabalozi wa nchi zisizokuwa vitani ili waulizie kwenye kambi za mateka Ujerumani. Marubani wa jeshi waliangusha vipeperushi vya Kijerumani nyuma ya mistari ya adui, kuulizia mtoto wa mwandishi maarufu. Askari wa Irish Guards waliorudi na majeraha walialikwa Bateman's au walifuatwa hospitalini, mmoja baada ya mwingine, wakaulizwa: ulimwona? Alikuwa amesimama au amelala? Alikuwa amevaa miwani?

Aliyesaidia kuwauliza ni rafiki wa karibu wa Kipling, H. Rider Haggard, yuleyule ambaye kitabu chake vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki walikisoma kwa Kiswahili kikiitwa *Mashimo ya Mfalme Sulemani*. Desemba 1915 Haggard alipata askari mmoja aliyekuwapo. Askari yule alisema alimwona ofisa ambaye aliamini kabisa ni John akitoka msituni, akihangaika kufunga bandeji kwenye kinywa kilichosagwa na kipande cha kombora. Alitaka kumsaidia, lakini ofisa alikuwa analia kwa maumivu, na askari akaona akimkaribia atamwaibisha. Akapita. Haggard aliyaandika hayo katika shajara yake, na akaamua kutomwambia Kipling.

Nimelifikiria sana jambo hilo la askari aliyepita. Hakuwa mwoga wala mtu asiye na huruma. Alilelewa kuamini kwamba ofisa hapaswi kuonekana akilia, akalinda heshima ya kijana kwa gharama pengine ya uhai wake. Vita ile ilikuwa na mengi ya namna hiyo, mafundisho mema ya nyumbani yakigeuka kuwa sababu ya kifo.

Miaka ilipita kabla Kipling hajakubali kwa kinywa chake kwamba mwanawe amekufa. Wakati huo alichukua kazi mbili, na zote mbili alizifanya kama mtu anayelipa deni. Ya kwanza ilikuwa kuandika historia ya Irish Guards katika vita ile. Ilimchukua zaidi ya miaka mitano, ikatoka mwaka 1923 katika majuzuu mawili. Ni kitabu cha uvumilivu, siku kwa siku, handaki kwa handaki, jina kwa jina. Msomaji anayefika kwenye sura ya Loos akitarajia kilio cha baba hakipati. John anatajwa kwa maneno machache, pamoja na maofisa wengine waliopotea siku ile, kisha simulizi linaendelea. Mwandishi aliyekuwa na maneno kuliko wenzake wote alimpa mwanawe nafasi ileile aliyowapa wana wa watu wengine.

Kazi ya pili ilikuwa ya makaburi. Mwaka 1917 iliundwa Tume ya Makaburi ya Vita ya dola ya Kiingereza, chini ya Fabian Ware, na Kipling akawa mjumbe wake mwaka huohuo. Tume ilikuja na wazo ambalo kwa wakati ule lilikuwa jipya kabisa. Miili isirudishwe nyumbani na matajiri huku ya maskini ikibaki ugenini. Kila aliyekufa apate jiwe lake, na mawe yawe ya umbo moja na kimo kimoja, awe jenerali au kuruta. Asiyeonekana mwili wake, jina lake lichongwe kwenye ukuta wa kumbukumbu. Familia nyingi zenye uwezo zilikasirika, na Mei 1920 mjadala mkali ulifika bungeni. Barua ya Kipling ilisomwa siku ile. Aliwakumbusha waliolalamikia umbo la jiwe kwamba wapo wazazi wasio na kaburi lolote la kulalamikia.

Maneno yaliyochongwa katika makaburi hayo kote duniani yalipita mkononi mwake. Kwa ajili ya jiwe kubwa la ukumbusho alichagua mstari kutoka kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 44, unaohusu majina yasiyokufa. Kwa ajili ya jiwe la askari asiyetambulika alitoa maneno machache yenye maana kwamba Mungu anamjua. Nusu milioni na zaidi ya watu wa dola ile hawakuwa na kaburi linalojulikana, na mtu aliyetafuta maneno ya kuwasitiri wazazi wao alikuwa mmoja wa wazazi hao. Mwaka 1930, ukuta wa Loos wenye majina zaidi ya 20,000 ulipozinduliwa, Kipling alikuwapo, na jina la John lilikuwapo ukutani. Alilipa fedha zake ili mpiga tarumbeta apige pale kila jioni wimbo wa jeshi wa kuwaaga wafu. Iliendelea hivyo hadi vita vya pili vilipokuja.

Sasa nahama Ufaransa, kwa kuwa vita ileile ilipiganwa kwetu, na mkono uleule uliochagua maneno ya Loos ulifika hadi Dar es Salaam.

Katika Afrika Mashariki vita vilianza Agosti 1914 na vilikuwa vya mwisho kumalizika. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, alikabidhi silaha huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Kwa miaka minne majeshi yalifukuzana kutoka Tanga na Kilimanjaro hadi Rufiji, Lindi, Msumbiji na kwingineko, katika nchi ambayo mbung'o huua farasi, ng'ombe na nyumbu. Reli zilikuwa mbili tatu na magari yalizama kwenye tope. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mwanadamu. Upande wa Uingereza peke yake ulikusanya wapagazi karibu milioni moja kwa vipindi tofauti: kutoka Kenya ya leo, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Zanzibar, Kongo, na Tanganyika yenyewe kadiri ilivyotekwa. Wengine waliahidiwa mshahara. Wengi walikamatwa. Mwaka 1917, wakati wa msako mkubwa, wanaume walichukuliwa mashambani, sokoni na katika nyumba zao usiku. Wajerumani nao walifanya hivyohivyo upande wao, mara nyingi bila kulipa chochote.

Hawakuuawa na risasi sana. Waliuawa na kuhara damu, nimonia, malaria, na njaa iliyokuwa na unga. Mtu wa nyanda za juu aliyezoea viazi na ndizi alipewa mahindi yasiyoiva vizuri, akayala kwa maji machafu, akatembea na mzigo mvuani bila blanketi la kutosha. Makadirio ya wanahistoria wa vita hivyo ni kwamba wapagazi wa upande wa Uingereza waliokufa wanakaribia au kupita 100,000. Kambi zao ziliacha alama katika miji yetu. Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako Waingereza waliligeuza jengo la soko la Wajerumani kuwa kituo cha kikosi cha wapagazi, na Kariokor ya Nairobi, ni mahali ambapo maelfu ya vijana walihesabiwa kabla ya kupangiwa mizigo. Leo tunanunua humo viazi na vitenge.

Tume ya Makaburi ilipofika upande huu wa dunia, kanuni yake ya usawa ilisimama mlangoni. Wazungu walipata mawe yao. Kwa Waafrika, maofisa wa Tume na wa serikali za kikoloni walikubaliana kwamba kaburi la mtu mmojammoja halina haja. Sir Horace Byatt, gavana wa kwanza wa Tanganyika, alitoa rai mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba makaburi makubwa ya wapagazi huko Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo, na hakutaka hata kuitazama hesabu ya watu waliokufa. Yakaachwa. Palipokuwa na safu za makaburi pakaota majani, kisha miti, kisha nyumba.

Majina yalikuwepo. Hili ndilo linaloniuma kuliko lolote, kwa sababu kisingizio kilichorudiwa miaka yote ni kwamba hayakujulikana. Mpagazi alikuwa na namba, alikuwa katika daftari, alikuwa na mshahara. Nchini Kenya mishahara ya maelfu ya waliokufa ilibaki bila kuchukuliwa, na serikali zilibishana kwa miaka mingi nani azishike fedha zile, huku wajane na wazazi wakibaki mikono mitupu. Panapobishaniwa ujira wa marehemu, marehemu anajulikana.

Badala ya makaburi, likaamuliwa jambo la kumbukumbu ya pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1920 masanamu ya shaba yaliyochongwa na James Alexander Stevenson yalisimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. La Dar lilizinduliwa mwaka 1927, mahali ambapo kabla ya vita palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Wakongwe wa jiji hulitaja kama Sanamu ya Bismini, na daladala nyingi zimepita hapo. Askari wa shaba ameshika bunduki yenye singe, amejipinda kuelekea bandarini. Chini yake kuna maandishi ya Kiingereza na Kiswahili, na pia kwa herufi za Kiarabu. Yanawataja askari wenyeji waliopigana, yanawataja wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi, na yanampa ahadi mpiganaji: kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Aliyeyatunga maneno hayo ni Rudyard Kipling.

Siamini kwamba aliyaandika kwa dharau. Mtu aliyemtafuta mwanawe vitandani mwa hospitali kwa miaka mingi hawezi kuliandika neno «jina» kwa wepesi, na sifa ile ya miguu na mikono ni ya haki. Hakuna ofisa aliyepigana Rufiji ambaye angeikana. Lakini itazame ahadi yenyewe ilivyowekwa. Huko Loos, kulikumbuka jina la John ilikuwa kazi ya dola. Dola ilimchongea, ililipa mafundi, iliajiri watunza bustani, iliweka sheria kwamba jiwe lisianguke. John hakuacha mtoto, na wala hakuhitaji mtoto ili akumbukwe. Huku kwetu kazi hiyohiyo waliachiwa wana wa marehemu. Na kijana aliyekamatwa shambani kabla ya kuoa, akafia njiani kati ya Dodoma na Iringa, ni mwana gani atakayelikumbuka jina lake? Dola iliyokuwa na daftari ilikabidhi kumbukumbu kwa watoto ambao hawakuzaliwa. Na kwenye sanamu lenyewe linaloahidi jina, hakuna jina hata moja.

Kipling alifariki 18 Januari 1936, na majivu yake yakazikwa katika Abasia ya Westminster, kwenye kona ya washairi. Carrie alimfuata mwaka 1939. Elsie alifariki mwaka 1976 bila kuacha mtoto, na ukoo ukakoma. Hakuna hata mmoja wao aliyejua John amelala wapi.

Kazi ya kumtafuta haikukoma na ukoo. Mwaka 1919 wakusanya-maiti waliupata mwili wa luteni mmoja wa Irish Guards asiyetambulika, wakauzika katika makaburi ya St Mary's huko Haisnes, kilomita chache kutoka Loos. Mwaka 1992 Tume ilitangaza kwamba huyo ni John. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyeandika mahali mwili ulipookotwa alikosea alama ya ramani, na kwamba hapakuwa na luteni mwingine wa Irish Guards ambaye angeweza kuwa pale. Jiwe likabadilishwa, jina likaandikwa. Watafiti wengine walipinga kwa hoja za cheo na umbali, wakaandika kitabu kizima. Wengine wakajibu kwa ramani na nyaraka, na uamuzi wa Tume ukabaki. Miaka 77 baada ya kifo cha kijana mmoja wa miaka 18, watu wazima walikuwa bado wanapima umbali kwenye ramani ya kijeshi ili wajue kama jina lake liko juu ya mifupa yake. Naona ni jambo jema. Ndivyo kila aliyekufa vile anavyostahili kutafutwa.

Aprili 2021 Tume ilitoa ripoti juu yake yenyewe. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, waliofia dola ya Kiingereza katika vita ile hawakuandikwa jina popote, na pengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Ilisema sababu ilikuwa ubaguzi. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza alisimama bungeni akaomba radhi. Wapo waliosema radhi ya miaka mia haina faida, na ninawaelewa, ila kilichofuata kina faida: upekuzi wa nyaraka.

Nairobi, katika hifadhi ya nyaraka ya jeshi la Kenya, zilikuwapo rekodi za vikosi vya Keya, yaani King's African Rifles, ambazo kwa miongo mingi wengi waliamini zimekwisha kuharibiwa. Watafiti wakishirikiana na Tume walizipitia, wakapata majina zaidi ya 3,000 ya askari waliosahauliwa. Mmoja wao ni Abdulla Fadlumulla wa Uganda. Alijiandikisha Keya mwaka 1913 akiwa na miaka 16, na miezi 13 baadaye aliuawa akishambulia ngome ya Wajerumani katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Alikuwa mdogo kuliko John Kipling, na alitangulia kufa. Madaftari ya wapagazi ni kazi nyingine, kubwa zaidi, na ndiyo kwanza inaanza.